Bahari ya Lamu si ya rangi ya kadi ya posta: wachoraji wa tableti, mnachaguaje rangi?

#1 Mwana wa Mkomani
Assalam aleikum wadau.

Nina kazi ya mwenye nyumba ya wageni upande wa Shela. Ametaka mchoro wa A3 wa kutundika ukumbini: mji wa Lamu ukitazamwa kutoka baharini, majahazi mawili, punda wanashushiwa mawe gatini, wazee na kanzu zao, kina mama na mabuibui. Mistari nimemaliza na kaipenda. Matata yameanza kwenye rangi. Bahari nimeipaka kijani cha kiza kilichoingia ukahawia, ile ile ninayoiona kila asubuhi nikipita gatini. Jibu lake: "Mbona maji machafu?" Yeye ataka feruzi, ile ya kadi za posta.

Dai langu ni hili na nitalisimamia. Wachoraji wengi wa pwani hatupaki tunachokiona. Tunapaka tulichofundishwa na matangazo ya hoteli: maji feruzi, mchanga mweupe, ukuta mweupe, mnazi kijani kibichi, jua la chungwa. Ukizijaza zote kwenye mchoro mmoja kila rangi inataka iangaliwe yenyewe, jicho halina pa kupumzika.

Nyinyi mnachaguaje? Mnanyonya rangi kutoka picha ya simu, mnatunga kichwani, au mnamfuata mwenye pesa? Natumia Krita, programu ya kuchorea, kwenye tableti ya Android.

#2 Nahodha wa Kochi
Picha iko wapi? Tunaitwa kubishania rangi ya kitu hatujakiona.

#3 Binti Sabaki
Wewe shukuru yako ni ya kijani. Njoo Malindi mvua zikinyesha bara, mto Sabaki ukishuka na udongo wake. Ghuba nzima yageuka nyekundu ya tope, mpaka watalii wauliza kama kuna bomba limepasuka. Na bado kila anayekuja kwangu kutaka mchoro wa nguzo ya Vasco da Gama ataka maji feruzi chini ya ule mwamba. Nawapa. Wanalipa. Rangi ya maji ni ya mteja, rangi ya noti ni yangu.

#4 Pikseli Moja
Kabla hatujaenda kwenye falsafa: alitazamia wapi? Skrini yako na yake si kitu kimoja. Simu nyingi za OLED hutoka kiwandani zikiwa kwenye modi ya rangi kali. Halafu kuna ile kinga ya macho ya usiku inayopunguza buluu. Kijani chako chenye ukahawia kikipita chini ya filta ya manjano, kinachobaki ni tope. Na ubaya wake, akikupigia picha ya skrini akutumie, filta haimo, wewe unaona iko sawa. Ulimtumia vipi?

#5 Mwana wa Mkomani
@Nahodha wa Kochi nimepandisha, iangalie hapo juu.
@Pikseli Moja kwa WhatsApp, usiku baada ya isha. Yeye ana iPhone.

#6 Pikseli Moja
Basi kesi imekwisha. Usiku, filta imewashwa, na picha imebanwa njiani. Mtumie faili kama dokumenti, sio kama picha, umwambie azime kinga ya macho. Pia hakikisha umehifadhi kwenye sRGB. Huu ndio mpangilio ambao vifaa vingi vinauelewa tangu miaka ya 1990. Wenye iPad mara nyingi huchora kwenye Display P3, mpangilio wenye rangi pana zaidi, bila kujua, kisha wanashangaa rangi zimefifia zikifika kwenye kifaa kisichosoma profaili, yale maelezo ya rangi yaliyo ndani ya faili.

#7 Mwana wa Mkomani
Haijakwisha shekhe. Aliiangalia tena mchana kwenye laptopu yake, akarudia neno lile lile: machafu.

#8 Baharia Mstaafu
Yeo mmeamka na bahari, basi na sisi tusemeni.

Mwana wa Mkomani, maji ya gatini hayana rangi moja. Mkondo kati ya Lamu na Manda wapita katikati ya mikoko, na tope la mikoko laondoka na maji yakitoka. Bamvua, yale maji makuu, likipwa, maji yatoka na kila kitu: kijani kizito katikati, kahawia kando kando. Yakija maji mafu, yasojaa wala kupwa sana, yakatulia, tope lakaa chini, rangi yafunguka. Kusi, upepo wa kusini, laja na mvua za masika na mawimbi, bahari yavurugika. Kaskazi, upepo wa kaskazini, kama Januari au Februari, ukitoka nje ya Shela ukaangalia chini, mteja wako hasemi uongo. Feruzi iko, kwa mato yako.

Sasa wewe wachora msimu gani? Hukusema.

#9 Mwalimu Mstari
Baharia kasema la msimu, niongeze la pembe ya jicho, maana ndipo mchoro huu unapoteleza.

Maji hula wekundu wa mwanga kwanza. Penye kina kifupi juu ya mchanga mweupe, mwanga hushuka, hugonga mchanga na kurudi ukiwa umepungukiwa na wekundu, unaona feruzi. Penye kina kirefu, kinachorudi ni kidogo, nacho ni buluu. Penye tope, chembe za tope ndizo zinazorudisha mwanga, nazo zina rangi yao. Hayo yote ni kwa mtu anayetazama chini.

Wewe umechora kutoka ndani ya mashua, jicho liko karibu na usawa wa maji. Maji ya mbali unayaona kwa pembe ya kulala, na kwa pembe hiyo yanachorudisha zaidi ni mbingu. Kwa hiyo ile kijani yako iko sahihi pale chini kabisa ya karatasi, karibu na ubavu wa mashua. Huko mbali chini ya ukuta wa gati, rangi ya maji huichagui gatini, unaichagua angani. Chukua rangi ya anga uliyopaka, ipunguze mwanga kidogo, anzia hapo. Umeweka kijani kimoja kutoka chini hadi juu. Ndiyo maana inaonekana kama sakafu iliyopakwa rangi.

#10 Nahodha wa Kochi
"Sakafu iliyopakwa rangi." Mwalimu hana huruma leo.

#11 Fundi Chokaa
Nimeiangalia picha. Nyote mnaangalia maji, mimi naangalia ukuta.

Kuta zako zote ni nyeupe tupu. Hapa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, ukuta mweupe namna hiyo ni uliopigwa chokaa mwezi uliopita. Mvua moja ikipita, chini ya mifereji huanza michirizi ya kijivu, baada ya miaka kuvu jeusi hushuka kutoka ukingo wa dari. Penye chokaa iliyobanduka unaona matumbawe yenyewe, rangi ya jivu yenye manjano kwa mbali. Ukiweka nyeupe safi ya skrini, ile ya namba zote 255, juu ya bahari ya kijani cha kiza, lazima bahari ionekane chafu. Hata maji ya kisiwa cha Kiwayuu yangeonekana machafu hapo.

Shusha ukuta. Bahari usiiguse. Halafu mrudishie mteja bila kumwambia umefanya nini.

#12 Mwalimu Mstari
Fundi kagusa jambo la zamani sana. Huko Paris, kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, wafumaji walilalamika kuwa rangi nyeusi ya kiwanda ni dhaifu. Mkemia Chevreul, aliyekuwa akisimamia upakaji rangi, akaikagua akakuta haina kasoro. Kilichokuwa kinaidhoofisha ni nyuzi za buluu na zambarau zilizowekwa kando yake. Akaandika kitabu kizima juu ya rangi zinazokaa jirani, kikatoka mwaka 1839. Sasa tazama mabuibui ya kwenye mchoro wako, yamesimama mbele ya maji. Hayaonekani meusi, yanaonekana yamepauka. Nyeusi uliyotumia haina shida, ni jirani yake.

#13 Binti Sabaki
Kwa hiyo bahari ni chafu kwa sababu ya ukuta, buibui limepauka kwa sababu ya bahari. Ukuta nao una kesi na nani?

#14 Mama Viua
Ukuta una kesi na kanzu.

Mimi nadarizi kofia na michoro yake naitengeneza kwenye programu ya ibis Paint, kwa hiyo nyeupe ni ugomvi wangu wa kila siku. Nilimpiga picha kijana wangu amekaa barazani, nusu yake iko kivulini, nusu juani. Nikanyonya rangi ya kanzu kwa kile kitone cha kuchukulia rangi. Pale kivulini ikatoka kijivu cha buluu, B yake, kile kipimo cha mwangaza, haifiki hata 65. Pale begani penye jua ikatoka maziwa, karibu na manjano. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, macho yangu yanaapa kuwa kanzu yote ni nyeupe, tena nimeifua mwenyewe.

Tangu hapo nyeupe kamili siipaki mahali popote isipokuwa kipande kidogo ambapo jua limegonga kitambaa moja kwa moja. Wazee wako wa gatini, Mwana wa Mkomani, wote wanang'aa kama taa za harusi, hata aliyesimama chini ya kibanda.

#15 Pikseli Moja
Mama Viua, nakuheshimu, lakini kitone kwenye picha ya simu si shahidi. Kamera yenyewe hukisia nyeupe ni ipi. Ikikisia vibaya picha nzima inaegemea buluu, wewe unanyonya makisio ya simu ukidhani ni rangi ya kanzu.

#16 Mama Viua
Sawa baba. Sasa nieleze: kama picha nzima iliegemea buluu, mbona bega la kanzu hiyo hiyo, kwenye picha hiyo hiyo, lilitoka la manjano?

#17 Nahodha wa Kochi
😂😂 Pikseli kazima data.

#18 Pikseli Moja
Sijazima. Kivulini mwanga unatoka angani, anga ni buluu, hilo silikatai. Ninachosema ni kwamba kiasi cha ubuluu huwezi kukiamini. Tumia kitone kujua upande inakoegemea, usinakili namba zake. Nimemaliza.

#19 Sioni Nyekundu
Naingia kwa mlango wa nyuma. Mimi nyekundu na kijani hazinikai tofauti, nimezaliwa hivyo. Daktari wa macho alinipa ile karatasi ya vitone ya Ishihara nikasoma namba ambayo haipo. Lakini nachora na nalipwa.

Mimi naanza na mwanga na kiza tu. Nafungua leya, yaani tabaka la mchoro, juu ya zote, naijaza nyeusi, naiweka modi ya Kala (Color, inayobadilisha rangi bila kugusa mwanga), mchoro wote unakuwa wa kijivu. Naiwasha na kuizima muda wote wa kazi. Kama mchoro unasomeka ukiwa wa kijivu, rangi yoyote utakayoweka itasimama. Nimeishusha picha ya mleta uzi nikaifanya hivyo: jahazi la kulia limepotea kabisa ndani ya bahari. Ubao wa jahazi na maji vina kiza sawa sawa. Nyinyi mnaliona kwa sababu moja ni kahawia na nyingine ni kijani. Mimi silioni, na nadhani huyo mteja naye macho yanamchoka bila kujua kwa nini, anatafuta la kusema, anasema "machafu".

Njia rahisi zaidi ni kuangalia ile B kwenye gurudumu la rangi, zikikaribiana ujue kuna shida.

#20 Pikseli Moja
Hoja ya kijivu ni safi kabisa. Hiyo ya B siyo. Manjano kamili ina B 100 na buluu kamili ina B 100, lakini ziweke kando kando uone. Katika sRGB mwanga tunaouona hutoka takriban 72% kwenye kijani, 21% kwenye nyekundu na 7% tu kwenye buluu. Kwa hiyo manjano, ambayo ni nyekundu na kijani pamoja, inafika 93%, buluu inabaki na 7% yake. B haikuambii hilo. Kaa na leya yako ya Kala.

#21 Sioni Nyekundu
Nakaa nayo. B naitumia kwenye kofia na mchanga, ambako rangi zote ni za ukoo mmoja, na hapo hainidanganyi.

#22 Mswahili wa Ilala
Salamu kutoka Dar. Mbona mnamzungusha mwenzenu? Atie machweo. Anga la chungwa, maji ya dhahabu, kila mtu anafurahi, na hakuna wa kuuliza kama maji ni machafu.

#23 Fundi Chokaa
@Mswahili wa Ilala karibu Lamu, utatushangaza. Mji wetu umetazama mashariki, kwa Manda. Ukiwa baharini unautazama mji, jua linazama nyuma yake. Ukipaka anga la chungwa, kuta zote za mbele ziko kivulini, wazee wako kivulini, punda kivulini. Wengi huchora machweo nyuma ya mji halafu wanaweka mwanga wa dhahabu mbele ya kuta. Hapo kuna majua mawili.

Kama ataka dhahabu kwenye ukuta, achore alfajiri, jua likitoka upande wa Manda.

#24 Mswahili wa Ilala
Majua mawili, picha inang'aa mara mbili. Mteja atalipa mara mbili.

#25 Dada Leya
Nimesoma kimya hadi hapa. Hamjamuuliza amepaka vipi, mmemuuliza amepaka rangi gani tu. Nimeikuza picha mpaka pikseli zinaonekana. Kando ya kila mstari kuna uzi mwembamba mweupe, hasa kwenye nyavu na kamba za jahazi. Hiyo ni ndoo ya rangi. Ukimwaga rangi ndani ya mstari, ukingo wa mstari una pikseli za nusu kiza, ndoo inaziogopa na kuishia kabla hazijafika. Maelfu ya nyuzi nyeupe zikitapakaa juu ya kijani cha kiza, bahari inapata ukungu. Huenda uchafu anaouona mteja ni huo.

Tenga mistari kwenye leya yake juu kabisa. Chini yake weka leya za rangi bapa, moja ya maji, moja ya kuta, moja ya vyombo, moja ya watu. Kwenye mpangilio wa ndoo ya Krita kuna sehemu ya kuongeza ukubwa wa uteuzi. Iongeze pikseli moja au mbili, rangi ipite chini ya mstari. Kisha mistari yenyewe usiiache nyeusi yote. Ya mbali ipake rangi ya kivuli cha kitu chenyewe.

Vivuli: leya mpya juu ya rangi bapa, modi ya Maltiplai (Multiply, inayotia kiza), ibanwe isitoke nje ya rangi iliyo chini yake. Na tafadhali, usipake kivuli kwa kijivu wala nyeusi. Kijivu kwenye Maltiplai kinaua rangi ya chini. Weka zambarau iliyofifia inayoelekea buluu. Mji wote utapoa.

#26 Fundi Chokaa
Dada Leya nakubali yote ila hilo la mwisho. Zambarau kwenye vichochoro vya Mkomani? Kichochoro chetu ni upana wa punda na mzigo wake. Mwanga ukiingia unagonga ukuta huu, unarukia ule, unarudi, na kila unapogonga unachukua rangi ya chokaa. Kivuli cha ndani ya kichochoro ni cha joto, manjano ya mbali, wakati mwingine waridi. Buluu utaikuta mahali palipo wazi kwa anga: gatini, juu ya dari.

#27 Dada Leya
Yeye kachora gati.

#28 Fundi Chokaa
Na vichochoro vitatu vinaonekana kati ya nyumba. Viangalie.

#29 Mama Viua
Nimeviangalia. Ameviweka vyeusi kabisa. Mnagombania rangi ya kitu hakijapakwa.

#30 Mchapaji wa Makadara
Wakuu, mimi niko Mombasa, kazi yangu ni mashine za kuchapisha. Nashangaa mmefika hapa na hakuna aliyesema neno "karatasi". Mchoro ni A3, unatundikwa ukutani. Hautaishi kwenye simu ya mtu.

Skrini inatengeneza rangi kwa taa, karatasi kwa wino. Feruzi kali ya kwenye skrini haina wino wake katika CMYK, zile wino nne za uchapaji: samawati (C), majenta (M), manjano (Y) na nyeusi (K). Ukiilazimisha inatoka imezimika, na mteja aliyekuwa anasema "machafu" kwenye simu atasema "imepauka" kwenye karatasi. Buluu kali ndiyo mbaya zaidi, inageuka zambarau. Sasa kichekesho: hicho kijani chako cha ukahawia kinachapika karibu vile vile kilivyo. Katika mchoro mzima, rangi anayoikataa ndiyo rangi ninayoweza kumhakikishia.

Yafuatayo ni ya kazi. A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, chini ya hapo mistari ya kamba itachakaa. Mwombe mchapaji wako profaili yake, uiweke Krita, uwashe onyesho la kabla ya uchapaji ndani ya programu, uone ni rangi zipi zinatoka nje ya uwezo wa wino. Mabuibui usiyaache kwa wino mweusi peke yake, yatatoka kijivu cha makaa. Ongezea wino nyingine chini, kwa mfano C 60, M 40, Y 40 na K 100, lakini muulize kwanza karatasi yake inabeba wino kiasi gani.

#31 Binti Sabaki
La zambarau nalithibitisha. Nilipeleka kadi za Gede, usiku wa buluu juu ya magofu, kwenye duka moja ambalo silitaji. Zikarudi na anga la bilinganya. Nikaambiwa ni faili langu. Nikauliza mbona hawakunionyesha nakala moja kabla ya kuchapa zote, kimya. Siku hizi kazi yangu haipigwi mashine kabla sijaona karatasi moja mkononi, nje ya duka, mchana.

#32 Mchapaji wa Makadara
Nje ya duka mchana ni sahihi. Taa za madukani zina mambo yake.

#33 Mwana wa Mkomani
Ahsanteni wote. Nimepandisha toleo jipya. Nilichofanya: maji ya mbali yamefuata anga kama alivyosema Mwalimu, maji ya karibu nimeyaacha kijani changu. Kuta nimezishusha, nyeupe imebaki kwenye bega la mzee mmoja tu. Jahazi la kulia limepandishwa mwanga. Nyuzi nyeupe zimeondoka. Vichochoro nimevipaka vya joto, vivuli vya gatini nimeviweka zambarau, ili Fundi na Dada Leya wasipigane.

Nimemtumia mteja kama dokumenti. Jibu: "Sasa imependeza. Tia feruzi kidogo."

Kwa hiyo narudi kwenye dai langu. Tatizo halikuwa skrini wala ukuta wala nyuzi. Ni kadi ya posta iliyo kichwani mwake.

#34 Pikseli Moja
Mbona kasema imependeza? Neno "machafu" limekwenda wapi? Limeondoka na faili uliyotuma kama dokumenti.

#35 Fundi Chokaa
Limeondoka na ukuta mweupe.

#36 Sioni Nyekundu
Limeondoka jahazi lilipoonekana.

#37 Dada Leya
😂 Nyinyi. Mtu kabadilisha mambo yote kwa pamoja, kisha kila mmoja anadai ushindi. Angebadilisha moja moja tungejua.

#38 Mama Viua
Mpe hiyo feruzi, mwanangu, lakini mpe kama chumvi. Si kwenye maji yote. Tia kwenye ubao wa juu wa jahazi moja, kwenye leso ya mama mmoja, na mstari mwembamba pale ambapo maji ya kijani yanakutana na maji ya anga. Mimi kwenye kiua cha kofia uzi wa rangi nautia mahali padogo tu, na hapo ndipo watu wanapoona kofia ina rangi. Yeye atatazama ataona feruzi, wewe utabaki na bahari yako.

#39 Kijana wa Kipungani
Shikamooni. Mimi ndio kwanza naanza, nina simu ya RAM 3 tu. Hiyo Krita itakubali?

#40 Dada Leya
Marahaba. Krita ya Android imetengenezwa kwa tableti na Chromebook, kwenye simu usihangaike nayo. Anza na ibis Paint kama Mama Viua. Turubai likiwa kubwa leya zinapungua, kwa hiyo jifunzie kwenye turubai dogo, rangi bapa chache. Namba za A3 alizotoa Mchapaji usizijaribu bado, simu itawaka moto mfukoni.

#41 Kijana wa Kipungani
Ahsante dada. Na punda wanapakwa rangi gani? Kwenye picha ya mleta uzi wako kijivu wote.

#42 Fundi Chokaa
Swali la maana kuliko yote tuliyouliza. Punda wa Lamu wapo wa kijivu, wapo wa kahawia, wapo karibu weusi, na mdomo na tumbo huwa vyeupe. Wengi wana ule msalaba mweusi, mstari unapita mgongoni na mwingine unakata mabegani. Mleta uzi punda wako hawana mabega.

#43 Nahodha wa Kochi
Punda wa sRGB hao.

#44 Baharia Mstaafu
Nimeitazama hii mpya kwa utulivu. Maji sasa yanakubalika. Vyombo je? Jahazi umelipaka kahawia kutoka juu hadi chini. Ubao wa juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ndiyo wawa kahawia wa kung'aa. Chini, panapozama, hupakwa deheni, chokaa na mafuta, pawa peupe pa kijivu. Chombo kikiwa kitupu kama hicho chako cha kushoto, ukanda huo mweupe waonekana juu ya maji.

Na la pili. Bendera iliyo juu ya nyumba ya katikati yapepea kuelekea kaskazini. Tanga la jahazi limejaa kuelekea kusini.

#45 Mwana wa Mkomani
La deheni nalichukua, nitalipaka leo. La bendera ni la mistari, mzee wangu, na mistari ilishapitishwa. Uzi huu ni wa rangi.

#46 Baharia Mstaafu
La mistari vipi? Bendera yako yasema kusi, tanga lako lasema kaskazi. Ikiwa ni kusi, hayo maji ya kijani ni yako na mteja anyamaze. Ikiwa ni kaskazi, feruzi ni haki yake. Niliuliza tangu mwanzo wachora msimu gani, na mpaka sasa hukunijibu.